Ramani za mkono za zamani: kwa nini Kongolo na Kalemie bado zinazihitaji

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji: mto Lukuga, pale Kalemie. Kutoka hapo maji yanateremka karibu kilomita 320, yanapita wilaya ya Nyunzu, na mwishowe yanamwagika katika Lualaba kati ya Kabalo na Kongolo. Leo mwanafunzi wa Kongolo anaweza kuionyesha njia hiyo kwa kidole. Katika miaka ya 1870 jambo hilohilo lilizua ubishi uliofika hadi London, na ubishi huo umebaki katika ramani zilizochorwa kwa mkono, ambazo watafiti wanazirudia hadi leo.

Mwezi Mei 1874, Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, alifika kwa mashua kwenye mdomo wa Lukuga. Alikuta majani yanayoelea yameziba mto, lakini akaona maji yanatoka ziwani polepole kuelekea magharibi. Wenyeji walimwambia kwamba mto huo unakwenda kuungana na Lualaba. Naye akachora hivyo.

Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipita palepale, akapima mwendo wa maji, na kusema kwamba Lukuga haitoi maji ya ziwa kwa wakati huo. Aliongeza kwamba ziwa likizidi kupanda, siku moja mlango huo utafunguka.

Nani kati yao alikuwa mwongo? Hakuna. Kila mmoja alieleza hali aliyoikuta. Yapata mwaka 1878 maji ya ziwa yalivunja kizuizi cha matope na majani, na Lukuga ikaanza kukimbia kwa nguvu. Edward Hore, mmisionari Mwingereza aliyekaa Ujiji, aliuona mkondo huo mwaka 1879. Joseph Thomson, mpelelezi kutoka Scotland, naye aliuthibitisha muda mfupi baadaye.

Kwa kuziweka ramani na taarifa hizo kwa mfuatano wa miaka, wanasayansi wameweza kuandika historia ya maji ya ziwa kabla ya vipimo vya kila siku kuanza. Inakadiriwa kwamba mwaka 1878 ziwa lilisimama karibu mita kumi juu ya usawa wake wa kawaida wa siku hizi, kisha likashuka haraka hadi miaka ya 1890.

Hiyo si habari ya zamani tu. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024, wakaaji wa Kalemie waliona maji ya ziwa yakiingia ndani ya nyumba, mashule na barabara za kando ya ufuko. Uvira na Bujumbura nazo ziliumia. Tangu hapo, Lukuga imerudi katika mazungumzo ya nchi nne zinazogawana ziwa hilo: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Wengine wanauliza kama mchanga na majani vinaziba tena mlango, wengine wanataka kizuizi kilichojengwa wakati wa Wabeljiji kitengenezwe upya. Kwa watu wa Kabalo na Kongolo swali ni lingine: maji yakiachiliwa kule juu, huku chini itakuwaje? Atakayetaka kujibu bila kubahatisha atalazimika kuangalia kilichotokea Lukuga ilipofunguka mara ile ya kwanza iliyoandikwa.

Zilichorwaje

Ramani hizo za mwanzo hazikutokana na picha za angani. Zilitokana na miguu. Msafiri alishika dira na saa. Kila njia ilipokata kona aliandika upande inakoelekea na muda aliotembea, kisha jioni, mbele ya hema, alichora mstari wa siku hiyo katika daftari. Usiku alipima nyota kwa chombo kiitwacho sekstanti ili ajue yuko umbali gani kusini ya ikweta. Kipimo hicho kilikuwa kizuri, na mara nyingi kosa lake lilikuwa la kilomita chache tu.

Shida ilikuwa kujua umbali wa mashariki na magharibi, kwa sababu kipimo hicho kilitegemea saa sahihi. Saa ikikosea dakika moja tu, mahali panasogea karibu kilomita 28 kwenye ramani. Saa zilizobebwa kichwani na wapagazi kwa miezi, katika mvua na kuvuka mito, zilikosea sana. Ndiyo maana katika ramani nyingi za wakati huo Lualaba imesukumwa upande, ingawa mapindo yake na majina ya vijito vyake ni ya kuaminika.

Urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari ulipimwa kwa maji ya moto. Kadiri mtu anavyopanda mlima, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, yapata digrii moja pungufu kwa kila mita 300. Kipimajoto kizuri na sufuria vilitosha.

Kwa njia ya vipimo vya urefu, Cameron alipofika Nyangwe, kwenye Lualaba, mwezi Agosti 1874, aliona kwamba mto huo uko chini kuliko Nile inavyopita Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo. Tena maji yake yalikuwa mengi mara kadhaa kuliko ya Nile pale. Mto haupandi mlima. Kwa hiyo Lualaba haikuweza kuwa chanzo cha Nile, kama David Livingstone alivyoamini mpaka kifo chake mwaka 1873. Stanley alimaliza mabishano kwa kuufuata mto wenyewe: aliondoka Nyangwe mwishoni mwa 1876 na kufika Boma, karibu na bahari ya Atlantiki, mwezi Agosti 1877.

Waliochora hawakuwa peke yao

Jina lililoandikwa chini ya ramani ni la mzungu mmoja, lakini maarifa yalikuwa ya watu wengi. Wapagazi, wakalimani, wavuvi, masultani na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliokuwa wameijua nchi zamani ndio waliotaja majina ya mito, idadi ya siku za safari, na nani anatawala ng'ambo ya pili.

Mfano wa kwanza unatoka pwani. Katika miaka ya 1850, Jakob Erhardt, mmisionari Mjerumani aliyekaa Tanga, aliwauliza wafanyabiashara wa misafara habari za bara. Walimweleza njia mbalimbali, na kila njia iliishia kwenye ziwa. Erhardt na mwenzake Johannes Rebmann wakachora ziwa moja kubwa mno, lenye umbo kama la konokono. Ramani hiyo, iliyotolewa mwaka 1856, ilikuwa na kosa kubwa, kwani maziwa ni matatu: Nyanza, Tanganyika na Nyasa. Lakini wale wasafirishaji hawakudanganya. Kila mmoja alisema kweli juu ya njia yake. Kosa lilikuwa la mkono uliounganisha. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, wakifuata njia zilezile za misafara.

Ndiyo sababu watafiti wanatofautisha kwa makini mistari miwili. Mstari mzima unaonyesha njia ambayo mchoraji aliipita mwenyewe. Mstari wa nukta unaonyesha alichosimuliwa. Kwenye ramani za Lualaba ya juu za miaka ya 1870, sehemu kubwa ya nchi kati ya Nyangwe na mdomo wa Lukuga, yaani nchi ambamo Kongolo imo, ni mistari ya nukta. Cameron na Stanley hawakupita pale. Walichoandika ni sauti ya watu wengine, na sauti hiyo mara nyingi ndiyo habari ya kwanza kabisa iliyoandikwa juu ya nchi hiyo.

Daftari na kitabu si kitu kimoja

Ramani iliyochapwa katika kitabu huwa imesafishwa. Mchoraji wa London au Brussels aliondoa alama za kuuliza, akanyoosha mito, akaacha majina aliyoona hayana maana. Daftari la safarini linaonyesha kilichofutwa, kilichorekebishwa na kilichotiwa shaka.

Livingstone ni mfano mzuri. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, aliishiwa karatasi na wino. Aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, akitumia rangi iliyotengenezwa kwa mimea ya hapo. Maandishi yalififia mpaka hayakusomeka. Kundi la watafiti lilipiga picha za kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali, na mwaka 2011 maneno yalitolewa hadharani. Ndani yake mna habari za mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, zikiwa tofauti katika mambo kadhaa na zile zilizochapwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Ikiwa maneno yalibadilika kati ya daftari na kitabu, michoro nayo inastahili kusomwa kutoka daftari.

Kongolo yaingia kwenye karatasi

Sehemu ya mto karibu na Kongolo ilianza kuchorwa vizuri katika miaka ya 1890. Mwaka 1894, baada ya vita kati ya Dola Huru la Kongo na mabwana wa biashara ya watumwa wa Nyangwe na Kasongo, daktari Mwingereza Sidney Hinde na Mmarekani Richard Dorsey Mohun waliipanda Lualaba kutoka Kasongo kuelekea Lukuga. Mwishoni mwa karne hiyo, kati ya 1898 na 1900, ujumbe wa kisayansi wa Charles Lemaire ulizunguka Katanga ukipima mahali pengi kwa nyota. Mchoraji wake, Léon Dardenne, alichora mandhari na watu. Mwaka 1900 ikaundwa Comité Spécial du Katanga, ambayo baadaye ilitoa ramani za kipimo cha 1 kwa 200.000, ambapo sentimita moja ni kilomita mbili za ardhi.

Michoro ya mto ilikuwa na kazi ya haraka. Chini kidogo ya Kongolo, Lualaba inabanwa na miamba katika mlango unaoitwa Portes d'Enfer, yaani Milango ya Jehanamu, na meli haiwezi kupita. Waliopanga usafiri walisoma hilo kwenye ramani na kuamua kuuzunguka mto kwa reli. Kufikia mwaka 1911 reli ya Kindu ilikuwa imefika Kongolo, na mwaka 1915 reli ya Kabalo ikafika ziwani, pale palipoitwa Albertville, Kalemie ya leo. Kwa maneno mengine, mji wa Kongolo ulikua pale ambapo ramani ilionyesha kwamba mto unafungika upande mmoja na kufunguka upande wa pili kwa meli za kwenda Bukama.

Vijiji vinahama, majina yanabaki

Kwa mtafiti wa historia ya wenyeji, hazina kubwa ya ramani hizo ni majina ya vijiji. Wakati ule kijiji kilibeba jina la mkuu wake. Mkuu akifa, au udongo ukichoka, kijiji kiliweza kuhama na kubadilisha jina. Kwa hiyo jina moja linaweza kuonekana mahali pawili kwenye ramani mbili zilizotofautiana miaka ishirini. Asiyejua desturi hiyo atadhani mchoraji alikosea.

Kisha ukoloni ukahamisha watu kwa nguvu. Vijiji vilisogezwa kando ya barabara kwa ajili ya kodi, kazi za reli na mapambano dhidi ya ugonjwa wa malale. Dekreti ya tarehe 2 Mei 1910 iliagiza kila mwenyeji awe chini ya usultani unaotambuliwa, na mwaka 1933 dekreti nyingine ikapanga upya masultani na masekta. Watumishi wa serikali walichora mipaka hiyo kwa kalamu kwenye karatasi nyembamba, mara nyingi baada ya kuuliza watu wachache tu. Ramani zilizochorwa kabla ya hapo ndizo zinazoonyesha watu walikaa wapi kabla ya kusogezwa.

Hapo ndipo penye moto. Katika jimbo la Tanganyika, kama kwingineko mashariki mwa Kongo, ugomvi wa mipaka kati ya masultani na groupement unaweza kugeuka damu. Sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 juu ya wakuu wa kimila inatambua mamlaka yao, lakini haimwambii mtu kilima fulani ni cha ukoo gani. Kila upande huleta wazee wake na karatasi yake.

Ramani ya zamani inaweza kusaidia, na inaweza pia kudanganya. Jina la sultani kwenye ramani ya 1900 linathibitisha kwamba mchoraji alilisikia mahali hapo siku hiyo. Halithibitishi kwamba ardhi yote ya jirani ilikuwa yake, wala kwamba hapakuwa na wengine. Wawindaji na Wabatwa wa msituni, wasiokuwa na kijiji kikubwa kando ya njia, mara nyingi hawakuandikwa kabisa. Wanawake, ambao ndio waliojua mashamba na visima, hawakuulizwa.

Doa jeupe lilivyogeuka sheria

Mahali ambapo mchoraji hakufika palibaki peupe kwenye karatasi. Doa hilo jeupe lilikuwa na maana moja tu: hakuna aliyepita pale na dira. Lakini Ulaya walilisoma kama nchi isiyo na mtu. Amri ya Dola Huru la Kongo ya tarehe 1 Julai 1885 ilitangaza kwamba ardhi zisizokaliwa ni mali ya dola. Mashamba yaliyopumzishwa, misitu ya kuwindia na mabwawa ya samaki yakaangukia humo, kwa kuwa hayakuonyesha nyumba. Anayetumia ramani hizo leo anapaswa kukumbuka kwamba ukimya wake si ushahidi wa utupu.

Ramani iliyoguswa kwa vidole

Wenyeji nao walikuwa na njia yao ya kuweka nchi kwenye kitu kinachoshikika. Waluba walitumia lukasa, ubao mdogo wa mti unaotosha mkononi, uliopambwa kwa shanga, magamba na misumari. Wataalamu wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto na kugusa shanga kwa vidole vya kulia, huku wakisimulia: shanga hii ni sultani fulani, mstari huu ni njia ya uhamaji, hapa ni mahali patakatifu. Ubao mmoja uliweza kusomwa kwa namna tofauti kulingana na msimulizi na shauri lililokuwa mbele ya baraza. Jirani zao Wahemba wa pande za Kongolo walihifadhi kumbukumbu za koo kwa sanamu za mababu, na kila sanamu iliwakumbusha watu uzao na haki ya ukoo juu ya ardhi.

Lukasa haina kipimo cha kilomita, na ramani ya dira haina jina la babu aliyefyeka shamba la kwanza. Zikisomwa pamoja, kila moja inajaza pengo la mwenzake.

Ziko wapi

Nyingi ya ramani hizo haziko Kongo. Karatasi za wasafiri Waingereza ziko katika Royal Geographical Society, London, na katika maktaba nyingine za Uingereza. Nyaraka za Stanley ziko katika jumba la makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubeljiji, ambapo orodha yake imetolewa hadharani. Faili za serikali ya kikoloni ziko Brussels. Kinshasa kuna Institut Géographique du Congo na hifadhi ya taifa ya nyaraka, lakini kutoka Kongolo, Kinshasa yenyewe ni mbali kwa gharama na kwa barabara.

Kwamba karatasi hizo zina thamani ya fedha pia, kumeonekana wazi. Mwezi Julai 2025 serikali ya Kongo ilitia sahihi makubaliano na kampuni ya Marekani KoBold Metals, ambayo inatafuta lithiamu ya Manono, papa hapa jimboni Tanganyika. Makubaliano hayo yanagusa pia kuziweka katika kompyuta nyaraka za zamani za jiolojia ya Kongo zilizoko Ubeljiji. Ikiwa wenye migodi wanazitafuta ramani za karne iliyopita, wenye ardhi wana sababu ya kuzitafuta pia.

Kazi inayoweza kuanzia Kongolo

Teknolojia imerahisisha mengi. Nakala ya ramani ya zamani ikishawekwa katika kompyuta, inaweza kulazwa juu ya picha ya satelaiti. Mtafiti huchagua sehemu zisizohama, kama mwamba wa Portes d'Enfer, mahali Lukuga inapoingia Lualaba, au kilima kinachojulikana, kisha programu huvuta ramani mpaka sehemu hizo zikutane. Hapo kijiji cha mwaka 1900 kinapata mahali pake pa leo, na makosa ya saa ya msafiri yanaonekana kwa macho.

Lakini kompyuta haiwezi kumaliza kazi hiyo. Mtu aliyekaa Tervuren hawezi kujua kama jina lililoandikwa na Mbeljiji kwa tahajia ya Kifaransa ni la kijito, la mtu, au ni jibu la mtu ambaye hakuelewa swali. Mzee wa Kongolo anajua. Vijana wenye simu inayoonyesha mahali walipo wanaweza kutembea naye mpaka kwenye kijiji kilichohamwa, ambako miembe ya zamani, michikichi na makaburi bado vinashuhudia, wakaandika jina, maana yake na aliyelisimulia. Kazi hiyo haihitaji kusubiri London wala Brussels. Nayo ina haraka, kwa kuwa ramani ikihifadhiwa inaweza kungoja miaka mia nyingine, lakini mzee anayejua kuisoma hawezi.

Ubishi wa Lukuga ulimalizika kwa sababu watu walirudi mahali palepale, wakaangalia tena, na kuandika walichokiona. Mipaka ya mashamba, majina ya vijito na njia za wahenga wa Kongolo zinangojea kuangaliwa vivyo hivyo, ramani ikiwa mkononi na wenye nchi wakiwa mbele.